Mvua tele, mto hakuna: kuielewa ardhi ya Komoro

Komoro ikitajwa tu kwenye habari, barazani kwetu huzuka ubishi uleule. Desemba 2024, siku chache baada ya kimbunga Chido kuipiga Mayotte, mmoja wetu alisema Komoro imekwisha. Mwingine akamkatiza: ile si Komoro, ni Ufaransa. Wa tatu, ambaye mkewe ni Mngazija, akaapa kwamba visiwa ni vinne na asiyeamini ahesabu mistari ya bendera. Kahawa haijaisha tukawa tumeshafika kwenye volkano na visiwa vinavyozama, mpaka mzee mmoja akafunga mjadala kwa kusema kwamba visiwa vyote vya bahari yetu, Komoro ikiwemo, ni vipande vilivyomegeka kutoka bara, "ndiyo maana hata lugha zetu zinafanana."

Mzee ni mzee, sikumbishia palepale. Lakini lugha zinafanana kwa sababu watu walivuka bahari kwa vyombo. Mawe hayakupanda jahazi. Na kila nilipolifikiria jambo hili niliona kwamba karibu yote tunayobishania kuhusu Komoro, yakiwemo maji, moto wa mlimani, fukwe na huko kuzama, yanafunguka kwa swali moja: kisiwa hiki kina umri gani?

Tuanze na majina, maana nusu ya mkanganyiko iko hapo. Komoro ni kundi la visiwa vilivyo kwenye mlango wa kaskazini wa mlango-bahari wa Msumbiji, kati ya pwani ya Msumbiji na ncha ya kaskazini ya Madagaska, ile ambayo wazee wetu waliiita Bukini. Ukivipanga kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki unapata Ngazija, Mwali, Nzwani na Mayotte, ambayo wenyewe huiita Maore. Kwenye ramani za Kifaransa utakuta Grande Comore, Mohéli, Anjouan na Mayotte. Ni visiwa vilevile. Sisi wa pwani tumezoea kumwita Mngazija mtu yeyote anayetoka huko, jambo ambalo Mnzwani hulimeza kwa adabu tu.

Je, ni vitatu au vinne? Kwa jiografia ni vinne, vya ukoo mmoja. Kwa utawala inategemea unamuuliza nani. Katika kura ya maoni ya Desemba 1974 visiwa kwa jumla vilitaka uhuru, lakini wengi wa wapiga kura wa Mayotte walikataa. Komoro ikajitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, Ufaransa ikabaki Mayotte, na tangu 31 Machi 2011 kisiwa hicho ni mkoa kamili wa Ufaransa. Komoro haijakubali hata siku moja, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limepitisha maazimio zaidi ya moja ya kuiunga mkono. Bendera ya Komoro ina mistari minne na nyota nne, kwa hiyo yule mwenzetu aliyeoa Ngazija hakusema uongo. Hii ndiyo sababu kitabu kimoja kinakupa eneo la nchi kuwa kilomita za mraba 1,862 na kingine 2,235. Hakuna aliyekosea hesabu. Mmoja ameijumlisha Mayotte, mwingine hakuijumlisha.

Siasa niiache hapo, nimrudie mzee wetu na vipande vyake vilivyomegeka.

Visiwa havizaliwi kwa njia moja. Unguja kweli ni kipande cha bara. Bahari iliyo kati yake na Bagamoyo haina kina kikubwa, ni makumi ya mita tu, na zamani za baridi kuu ya dunia, barafu ilipokuwa imeshika maji mengi huko kwenye ncha, bahari ilishuka zaidi ya mita 100. Ungeweza kutembea kwa miguu. Barafu ilipoyeyuka, miaka kama 10,000 iliyopita, maji yakapanda na Unguja ikabaki peke yake. Ushahidi alikuwa chui. Chui wa Unguja hakuogelea kutoka Bagamoyo. Alikuwa yuko pale maji yalipomzunguka. Madagaska nayo ilimeguka kutoka Afrika, ila ni zamani mno, zaidi ya miaka milioni 150, ndiyo maana wanyama wake hawafanani tena na wetu.

Komoro haimo katika makundi hayo mawili. Haikuwahi kushikana na bara lolote. Ni milima ya volkano iliyoota kutoka sakafu ya bahari, tabaka juu ya tabaka, hadi vilele vyake vikatokeza juu ya maji. Ndiyo maana hukuti chui huko, wala paa, wala ngiri wa asili. Mnyama anyonyeshaye pekee aliyefika nchi kavu ya Komoro bila kusaidiwa na mtu ni popo, kwa kuwa ana mbawa. Mmoja wao, popo wa Livingstone, ana mbawa zenye upana wa karibu mita moja na nusu, na hapatikani pengine duniani isipokuwa Nzwani na Mwali. Wengine wote walioko, mbuzi, ng'ombe, hata wale kima wa Bukini wanaoitwa lemuri, waliletwa na binadamu.

Kuna wanaodhani, na si watoto tu, kwamba kisiwa huelea kama mtumbwi, kwamba chini kuna maji. Hapana. Kisiwa cha volkano ni mlima mzima uliosimama chini, na sisi tunaona kichwa chake tu. Bahari inayoizunguka Ngazija ina kina cha zaidi ya mita 3,000, na mlima Karthala unapanda mita 2,361 juu ya maji. Jumlisha: ni mlima wa zaidi ya mita 5,000, karibu na kimo cha Kilimanjaro, ila umezamishwa hadi juu ya kiuno.

Kuta za mlima huo zinateremka ghafla. Ukitoka ufukweni Ngazija kwa ngalawa, baada ya mwendo mfupi tu chini yako kuna mamia ya mita za maji, na kwenye mapango ya lava ya kuta hizo anaishi samaki wanayemwita gombesa. Wanasayansi waliamini aina yake ilitoweka pamoja na madinosauri mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili walimsubiri miaka 14, akaja kupatikana Nzwani mwaka 1952, na wavuvi wa huko walistaajabu kwa nini wazungu wanamhangaikia samaki wa mafuta mengi asiyefaa kuliwa. Baadaye Tanga nako wakaanza kumvua, wakamwita silikanti, na tangu 2009 wana hifadhi ya bahari yenye jina lake.

Sasa umri. Visiwa hivi havikuota siku moja. Mayotte ndiyo kongwe kuliko vyote vinne: volkano zake zilianza kutokeza miaka mamilioni iliyopita, zikaja kuchakaa. Ngazija ndiyo kijana, bado inajengwa. Nzwani na Mwali viko katikati. Dalili unaiona kwenye vimo. Karthala ya Ngazija ina mita 2,361, Ntringui ya Nzwani mita 1,595, Mwali haifiki 800, na Mayotte kilele cha juu kabisa ni mita 660. Mlima wa volkano ni kama mtu: unarefuka ukiwa kijana, halafu mvua inaanza kuukwangua, na uzito wake wenyewe unauzamisha taratibu.

Kwa nini Ngazija ni kisiwa cha mvua nyingi kisicho na mto hata mmoja wa kudumu? Moroni, mji mkuu, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Dar es Salaam. Miteremko ya magharibi ya Karthala inapata zaidi ya hapo. Lakini ukisafiri kisiwa kizima, zaidi ya kilomita 60 kwa urefu, huvuki daraja lenye maji yatiririkayo mwaka mzima. Na kuna kichekesho ndani ya jina la mji wenyewe. Wapo wanaosema Moroni maana yake ni "mtoni", wapo wanaosema ni "motoni". Ukiitazama ardhi, hao wa pili wana hoja.

Jirani yetu mmoja, bibi wa Kingazija, alikuwa na jiwe la kusugulia visigino alilolileta kutoka kwao. Jeusi, jepesi kuliko linavyoonekana, limejaa matundu kama mkate wa kumimina. Utotoni tulikuwa tukilichezea uani. Ukilishika kiganjani ukalidondoshea maji, tone halikai juu. Linaingia ndani, na muda mfupi baadaye unahisi kiganja kinalowa kwa chini. Bibi alikuwa akitufukuza, kwamba tunamchafulia jiwe lake.

Lichukue jiwe lile ulifanye kisiwa, na hiyo ndiyo Ngazija. Lava ilipotoka ilikuwa na gesi ndani, gesi ikatoroka ikaacha matundu. Ilipopoa ikajikunja ikapasuka nyufa. Mvua ikinyesha juu ya mlima haipati mahali pa kukusanyika ikawa kijito. Inazama palepale, inashuka ndani kwa ndani hadi inakutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni. Maji matamu ni mepesi kidogo, basi yanakaa juu ya yale ya chumvi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, ila hapa mpaka wake hauko wazi, yanachanganyika. Ndiyo maana visima vingi vya pwani huko vina maji yenye ladha ya chumvi, na ladha hiyo hupanda na kushuka kwa kufuata bahari. Mengine hububujika ufukweni bahari inapokupwa na kupotea hivyohivyo.

Kwa hiyo watu wa Ngazija wamezoea kukinga maji ya paa. Nyumba ina bati, bati lina mfereji, mfereji unamwaga kwenye birika la zege. Msimu wa kashkazi birika linajaa. Kusi likirefuka mnaanza kupimiana ndoo. Mtu akikuambia Ngazija maji ni shida, usidhani mvua haipo. Ipo sana. Kisichokuwepo ni udongo wa kuishika.

Huo udongo unatengenezwa na umri. Lava ikipigwa na mvua na jua miaka laki nyingi inaoza, inageuka udongo mwekundu wa kunata ambao unaziba matundu. Mwaga ndoo ya maji juu ya rundo la kokoto, kisha mwaga nyingine juu ya udongo wa mfinyanzi: la kwanza ni Ngazija, la pili ni Nzwani. Nzwani ni kisiwa cha mabonde makali na maporomoko ya maji, kilichochongwa na mito. Mwali nako kuna vijito, na kuna ziwa la ndani ya kreta, Dziani Boundouni, lililoorodheshwa miongoni mwa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Usifikiri basi kwamba kadiri kisiwa kinavyozeeka ndivyo maji yanavyokuwa mengi. Mayotte ni kongwe, ina udongo wa kutosha, lakini mwaka 2023 ukame uliifikisha mahali ambapo bomba lilikuwa likitoa maji siku moja kati ya tatu. Mawingu ya bahari hutoa mvua yake yakilazimishwa kupanda mlima na kupoa. Mlima wa mita 2,361 unayakamua vizuri. Vilima vya mita 600 yanavipita kirahisi zaidi. Kwa hiyo kijana ana mikono mirefu ya kuvuna mvua lakini hana chombo cha kuiwekea. Mzee ana chombo, mikono imefupika. Aliyebahatika ni wa makamo, Nzwani, mwenye kimo na udongo kwa pamoja.

Na hapo ndipo panapouma, kwa sababu mito ya Nzwani mingi sasa inakauka. Inapita maji wakati wa mvua tu, iliyobaki ya mwaka ni mawe. Hili halitokani na umri wa kisiwa, ni mkono wa watu. Nzwani ina watu wengi mno kwa udogo wake, msitu umekatwa kupanda mihogo na migomba hadi kwenye miteremko ambayo mtu analima huku ameshikilia kisiki asiteleze. Kuna pia mlangilangi. Maua yale yale ambayo kwetu huvaliwa kwenye nywele na kutandazwa kitandani kwa bibi harusi, Komoro huyakamua mafuta ya manukato kwa kuyachemsha, na ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa mafuta hayo. Kuchemsha kunataka kuni. Bila miti mvua inaporomoka juu juu na kubeba udongo wote hadi baharini. Miaka laki nyingi ya kuoza kwa jiwe inaondoka kwa vizazi viwili vitatu.

Nimesema Ngazija bado inajengwa, na hapo ndipo watu huuliza kuhusu Karthala. Wapo wanaoambiana kwamba umezimika kwa kuwa kileleni hawaoni moshi. Haujazimika. Ni miongoni mwa volkano hai zaidi katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1903 gesi yake iliua watu 17. Aprili 1977 lava ilipasukia chini ubavuni na kukipita kijiji cha Singani. Watu walikimbia, nyumba zikafunikwa. Kisha kati ya Aprili 2005 na Januari 2007 mlima uliwaka mara nne. Tangu hapo umetulia, lakini kutulia si kuzimika.

Lakini usiufikirie kama mlima wa sinema unaolipuka na kuruka kichwa. Kuna lava nyepesi kama uji na kuna nzito kama ugali. Ya ugali huziba mlangoni, gesi inabanwa chini, siku ikishindikana kubanwa ndipo unapotokea mlipuko wa kutisha. Ya Karthala ni ya uji: hutoka, hutiririka mbali, hupoa. Ndiyo maana mlima wenyewe umelala, mpana, mfano wa kawa lililofunikiwa sinia kuliko mfano wa pia. Juu kabisa kuna shimo kubwa, kaldera, lenye upana wa kilomita tatu kwa nne.

Hatari yake hugeuka pale maji yanapokutana na mawe yaliyoyeyuka. Kila mpika maandazi anajua tone la maji linavyofanya ndani ya karai la mafuta ya moto. Mwaka 2005 ndivyo ilivyokuwa: badala ya uji kutiririka, mlima ukarusha majivu. Aprili maelfu ya watu walikimbia vijiji vyao. Novemba majivu yakashukia paa, yakasombwa na mvua kwenye mifereji, yakaingia kwenye mabirika. Ukikumbuka kwamba birika ndilo kisima cha nyumba, utaona ukubwa wa balaa: makumi kwa makumi ya maelfu ya watu walibaki bila maji safi, na lava haikuwa imemgusa mtu.

Kimbunga ndicho pekee katika mabishano yetu kisichojali umri wa kisiwa. Tuliulizana kwa nini Komoro inapigwa na sisi tunasalimika. Kimbunga ni upepo unaojizungusha, na unaanza kuzunguka kwa sababu dunia yenyewe inazunguka. Kani hiyo ya kuzungusha ni dhaifu sana karibu na ikweta na huongezeka kadiri unavyokwenda kusini. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta. Komoro iko kati ya 11 na 13. Nyuzi hizo chache zinatosha kuleta tofauti. Madagaska nayo huwa ukuta: vimbunga vingi vinavyotoka mashariki hujivunja juu ya milima yake. Chido kilipita kaskazini ya ncha ya Madagaska, hakikuguswa, kikaifikia Mayotte tarehe 14 Desemba kikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kisha kikaendelea hadi Msumbiji. Kenneth wa Aprili 2019 alipita njia ya jirani na hiyo, karibu kabisa na Ngazija. Wala sisi tusijione tumekingwa moja kwa moja. Unguja iling'olewa mikarafuu na kimbunga mwaka 1872, na Mei 2024 Hidaya alifika hadi Mafia.

Lililobaki ni la kuzama. Watu wamesikia habari za Maldives, wanadhani visiwa vyote vidogo vitamezwa bahari ikipanda. Maldives sehemu kubwa haizidi mita moja juu ya maji. Komoro ina milima. Hakuna bahari itakayoifikia Karthala. Ila nani anaishi Karthala? Miji, barabara, bandari na viwanja vya ndege viko chini ufukweni, na miaka mingi watu wamechota mchanga wa fukwe kujengea nyumba, hivi kwamba sehemu nyingine wimbi limebaki bila kitu cha kulizuia. Nchi haitazama. Maisha ya pwani yanaweza kuharibika sana.

Lakini Maldives na Komoro ni ndugu zaidi ya watu wanavyodhani, na hapa umri unarudi. Matumbawe huota kwenye maji mafupi yenye mwanga, pembezoni mwa kisiwa. Kisiwa kikiwa kijana kama Ngazija, kina ukanda mwembamba tu wa matumbawe hapa na pale. Mahali pengi ni mawe meusi ya lava yanayopigwa na wimbi waziwazi, na mchanga mweupe ni wa kutafuta. Kisiwa kikizama taratibu, matumbawe huendelea kuota kwenda juu yasikose mwanga. Baada ya miaka mamilioni, ukuta wa matumbawe umebaki mbali na kisiwa kimesinyaa katikati, kati yao bahari tulivu. Hiyo ndiyo Mayotte: bahari yake ya ndani ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 1,100, karibu mara tatu ya kisiwa chenyewe. Mlima ukizama wote, linabaki shada la matumbawe peke yake. Hiyo ni Maldives. Charles Darwin aliieleza hesabu hii mwaka 1842, na kwa sehemu kubwa imesimama.

Sasa hadithi ilivyonyooka! Kijana magharibi, mzee mashariki. Walimu wetu walieleza hivi: chini ya dunia kuna kituo cha moto kisichohama, juu yake ganda la dunia linasogea, kama mtu anayepitisha karatasi juu ya mshumaa. Kila mahali pakiungua, kisiwa. Moto uko chini ya Ngazija, Mayotte ilishapita, imepoa.

Mei 2018 Mayotte ikaanza kutetemeka. Matetemeko kwa maelfu, la tarehe 15 likikaribia kipimo cha 6. Watu walilala nje, na uvumi ukatembea kuliko matetemeko yenyewe. Tarehe 11 Novemba mitambo ya kupimia matetemeko ilinasa mvumo wa ajabu uliozunguka dunia nzima bila mtu kuuhisi. Mei 2019 meli ya utafiti ikaenda kupima sakafu ya bahari na kukuta mlima ambao haukuwepo kwenye ramani za nyuma: kilomita 50 mashariki ya Mayotte, umesimama kwenye kina cha mita 3,500, una urefu wa mita 820. Wameuita Fani Maoré. Mawe yaliyoyeyuka yalihama kutoka chini ya Mayotte kwenda kuujenga, na kisiwa kikashuka zaidi ya sentimita 10, kama mtu aliyekalia kiriba cha maji kikatobolewa. Huku ndiko kuzama kwa kweli, na hakukuhusiana na bahari kupanda.

Kwa hiyo mshumaa na karatasi havitoshi. Mzee aliyedhaniwa kapoa ndiye aliyewaka. Wataalamu wengi sasa wanatazama nyufa: kwamba Komoro imepangika juu ya mstari ambapo mabamba ya ganda la dunia yanavutana, na mvutano huo una uhusiano na ule unaolipasua Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Wengine bado wanakitetea kituo cha moto, wengine wanachanganya yote mawili. Ikiwa hao wa nyufa wako sahihi, mzee wetu wa barazani alikaribia jambo bila kujua: Komoro haikumegeka kutoka bara, lakini kinachoipasua chini huenda ndicho kinacholipasua bara.

Nilipomweleza, alifurahi kuliko nilivyotarajia. Akauliza kama huo mlima mpya utakuwa kisiwa cha tano. Nikamwambia kilele chake bado kiko kama mita 2,700 chini ya maji, na tangu mwanzoni mwa 2021 hauonyeshi dalili ya kuendelea kutoa lava. Akatikisa kichwa, akamgeukia yule aliyeoa Ngazija, akamuuliza mstari wa tano kwenye bendera watautia rangi gani.